TAHADHARI: "Chipu ya nguvu" ya pikipiki inayofanya kazi ukishuka Mombasa tu

Wadau wa safari ndefu, kama umeona tangazo la kijisanduku cheusi cha kuongeza nguvu ya injini, shilingi 14,500 pamoja na gharama ya parseli, usitume pesa kabla hujasoma hapa. Mimi nilituma. Tena nilimwandikia muuzaji ushuhuda wa kumsifu, na huo ushuhuda ndio unaoninyima usingizi.

Pikipiki yangu ni Himalayan ya Royal Enfield, ile ya cc 411 ya injeksheni, yaani petroli inapimwa na kompyuta. Anayeijua anajua raha na karaha yake. Mashimo haiyaogopi na mizigo inabeba, lakini ukishampakia mke na masanduku mawili, vilima vya Salama, barabara ya Mombasa, vinakurudisha gia ya tatu huku lori likikupumulia kisogoni. Kiwandani imepewa nguvu za farasi 24 na ushei, torki (nguvu ya kuzungusha) Nm 32, na kabla ya mizigo inakaribia kilo 200. Mtu akija na maneno ya "asilimia 25 zaidi na mafuta yanapungua", sikio linasimama lenyewe.

Muuzaji simtaji. Hata ningetaka, jina la ukurasa wake nimeshaliona likibadilika mara tatu. Ana adabu sana. "Mkubwa, hii tunaiita Hatua ya Kwanza. Unachomeka tu, hakuna kufungua injini." Akanitumia grafu ya mashine ya kupimia nguvu, mstari mwekundu kabla, wa bluu baada. Kisha akanipa masharti mawili. La kwanza, nisiijaribu mjini, eti kompyuta ya injini lazima ijifunze kwa kilomita 300 za barabara kuu. La pili, dhamana ni siku saba. Halafu akaniuliza, kama mtu anayepiga soga tu, kama nina safari ya Mombasa hivi karibuni.

Nilikuwa nayo.

Nilichomeka Ijumaa jioni. Nyaya mbili zinaingia kwenye soketi ya sensa ya joto la hewa, ya tatu, nyekundu, inaenda betri. Kitaa cha kijani kikawaka. Jumamosi alfajiri nikatoka Nairobi. Mpaka Emali sikuona kitu, nikajiambia bado inajifunza. Mtito Andei nikaanza kuhisi. Baada ya Voi, jamani, pikipiki ilikuwa na roho nyingine: gia ya tano, mizigo juu, napita malori bila kushusha gia. Mariakani nilikuwa naimba ndani ya helmeti. Nilifika Nyali, na kabla sijavua buti nikamwandikia ushuhuda wake, na picha ya bahari nyuma yangu.

Jumatatu nikarudi. Kadiri nilivyopanda ndivyo ile roho mpya ilivyozidi kunitoka, na Salama ikanirudisha gia ya tatu kama kawaida yake. Zaidi ya hapo, pikipiki iliyozoea kunipa karibu kilomita 30 kwa lita ilikuwa imenipa 24. Nikamwandikia. Akaniuliza petroli nimeweka ya kituo gani.

Sasa nisikilizeni, maana ujanja wote uko hapa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi au zaidi kidogo, na injini isiyo na tabo (pampu ya kuishindilia hewa) inapumua hewa iliyopo, haina nyingine. Pikipiki ya farasi 24 ukiwa Nairobi unaendesha ya 20, pengine 21. Ukishuka pwani unarudishiwa wale farasi wako bure, bila kuchomeka hata uzi. Ndiyo sababu "inajifunza" kwa kilomita 300: ukizihesabu kutoka Nairobi, zinakufikisha karibu na Voi, mahali ambapo pikipiki yoyote, hata ya kuazima, inaanza kuvuta vizuri. Nilirudi kusoma shuhuda zilizoko kwenye ukurasa wake. Diani. Kilifi. Nyali, mimi. Malindi. Hakuna hata mmoja wa Limuru wala Nyahururu.

Nilimpelekea fundi wangu wa jua kali kile kisanduku. Kimejazwa gundi ngumu nyeusi ili mtu asikione cha ndani. Tulikibana kwenye jiliwa, tukakikata taratibu kwa msumeno wa chuma. Waya mwekundu unaotoka betri kazi yake ni kuwasha kile kitaa cha kijani, basi. Zile nyaya mbili za sensa zimeunganishwa na rizista moja, kijipande cha kuzuia umeme kinachopimwa kwa ohm, nyembamba kuliko punje ya mchele, yenye mistari ya njano, zambarau, nyekundu na dhahabu. Fundi aliisoma kwa macho: ohm 4,700. Akacheka mpaka akakaa chini. Dukani haifiki shilingi 10.

Inavyofanya kazi ni hivi. Sensa ya joto la hewa ni kinzani kinachobadilika: hewa ikipoa ohm zinapanda, ikipata joto zinashuka. Ukiiondoa na kuweka rizista isiyobadilika ya ohm 4,700, kompyuta inaamini kwamba hewa inayoingia ina baridi ya friji, saa zote, hata ukiwa Mackinnon Road saa saba mchana. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo inaongeza petroli. Ukienda mwendo wa kawaida, sensa ya kwenye ekzosi inajaribu kuipunguza tena. Ukivuta akseleta mpaka mwisho hakuna wa kuizuia. Plagi yangu ilitoka nyeusi tititi kwa masizi. Petroli ya ziada isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, na ukiendelea hivyo miezi kadhaa utalipia ringi za pistoni.

Sisemi kila kifaa cha kuchomeka hapo ni utapeli. Vipo vilivyotengenezwa kwa akili, vyenye sensa yao ya joto, na wanaoviuza kwa ukweli wanakuahidi injini isiyokwaruza ukitoka polepole, hawakuahidi farasi sita. Kutofautisha ni rahisi. Chukua mita ya umeme, pima ohm kati ya zile nyaya mbili kabla hujachomeka popote. Kitie kwenye friji dakika 20, pima tena. Namba ikiwa ileile, umenunua rizista.

Nikarudi kwenye ile grafu, safari hii bila mapenzi. Imechorwa kwa farasi na torki ya paundi-futi, namba zilezile za pembeni kwa yote mawili. Grafu ya namna hiyo ikiwa ya kweli, mstari wa farasi na wa torki lazima ipishane kwenye mizunguko 5,252 kwa dakika, iwe pikipiki au trekta, kwa sababu farasi wenyewe hupatikana kwa kuzidisha torki na mizunguko kisha kugawanya kwa 5,252. Ya kwake inapishana kwenye 4,000. Mtu aliichora tu. Nilikuwa nayo kwenye simu wiki mbili nzima nikiwaonyesha marafiki.

Nilipomwambia haya hakukasirika. Alisema Hatua ya Kwanza peke yake huwa "haijifungui", nahitaji Hatua ya Pili: silinda na pistoni za kuifanya injini kuwa cc 500, shilingi 45,000, nusu mbele, "inaingia bila kukata kitu". Namba ya kulipia ni ya mtu binafsi, wala jina halifanani na la duka. Hebu tupige hesabu pamoja. Pistoni ya injini hii ina upana wa milimita 78 na inasafiri milimita 86. Ili ufike cc 500 bila kugusa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, upana lazima uwe milimita 86. Hizo ni 8 za ziada, na bado ukuta wa silinda nao unataka nafasi yake kwenye mdomo wa injini. Bila kukata itapita wapi? Na hata ingepita, bila kuipanga upya kompyuta, petroli itakuwa bado ya injini ya 411.

Baada ya hayo nilifanya jaribio ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Jumapili asubuhi, kipande kimoja cha barabara tambarare, gia ya nne, kutoka kilomita 50 hadi 80, mtu na saa nyuma yangu. Mara tatu na kisanduku kingine nilichoazima kwa mnunuzi mwenzangu, mara tatu bila. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko makosa ya kidole kwenye saa. Muuzaji yeyote anayekukataza kupima mahali pamoja, siku moja, na bidhaa na bila bidhaa, anajua kwa nini anakukataza.

Nilichofanya mwishowe kilinigharimu chini ya robo ya pesa ile. Fundi alirekebisha valvu, akaosha kichujio cha hewa, na akaniwekea sproketi ya mbele, lile gurudumu linalovuta mnyororo, yenye meno 14 badala ya 15. Hiyo inaongeza mvuto kwa asilimia 7 kwenye kila gia. Gharama yake ni kelele na mizunguko zaidi ukiwa kwenye mwendo wa kasi. Salama sasa naipanda gia ya nne nikiwa peke yangu. Na mke, bado ya tatu. Anayetaka zaidi ya hapo atafute ekzosi, kichujio na mtu wa kupanga kompyuta mwenye mashine yake ya kupimia, na hata huko kwenye injini kama hii atategemea farasi wawili watatu. Ukitaka kumi, uza ununue pikipiki kubwa.

Risiti, grafu na picha za kisanduku kilichokatwa ninazo. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inakataza kudanganya kuhusu uwezo wa bidhaa, na tukiwa wengi malalamiko yatakuwa na uzito kuliko yangu peke yangu. Tayari wawili wameniambia walinunua kwa sababu walisoma nilichoandika nikiwa Nyali. Nawaomba radhi hadharani, na parseli ya kupeleka visanduku vyenu kwa fundi vikakatwe nitailipia mimi.

Nilimwomba muuzaji aufute ule ushuhuda wangu. Akanijibu kwa dole gumba. Asubuhi yake nikakuta ameubandika juu kabisa ya ukurasa, bahari na meno yangu yote nje.