Uzoefu wangu na mvinyo wa asili: kasha moja la chupa sita

Kwa miezi mitatu hivi nimekuwa nikinywa mvinyo wa asili, kasha moja la chupa sita, na kila nilipofungua chupa niliandika daftarini nilichokiona, nilichokinusa na nilichobaki nacho ulimini. Sikuanza kwa ajili ya afya wala kwa kufuata mkumbo. Mvinyo niliouzoea kwa miaka mingi ulikuwa umefika mahali ambapo chupa ya leo na ya mwaka juzi zilikuwa na ladha ileile, nami nikaanza kujiuliza inakuwaje tunda la shambani, linalonyeshewa sana mwaka mmoja na kupigwa jua kali mwaka unaofuata, litoe kinywaji kisichobadilika hata kidogo.

Utulivu huo hutengenezwa. Katika mvinyo wa kawaida, zabibu zikishapondwa kwa kawaida hutiwa salfa, kemikali ya kuhifadhi, ili kuzidhoofisha hamira-mwitu zilizokuja nazo, kisha huwekwa hamira kavu iliyochaguliwa, ambayo mtengenezaji anajua itafanya kazi kwa kasi gani na itaacha harufu gani. Zabibu zikiwa na sukari kidogo, kuna nchi zinazoruhusu sukari iongezwe. Uchachu ukipungua, asidi inaweza kuongezwa. Mvinyo ukishachachuka unaweza kung'arishwa kwa ute wa yai, kwa kazeini ya maziwa au kwa udongo wa bentonaiti, ukapitishwa kwenye kichujio chembamba kinachonasa hata bakteria, na ukatiwa salfa tena kabla ya kuzibwa. Hatua hizi zinaruhusiwa na sheria, na si lazima kila kiwanda kizitumie zote. Nalisema hili mapema kwa sababu baadhi ya wauzaji wa mvinyo wa asili huziongelea kana kwamba ni uhalifu, jambo ambalo mimi silikubali.

Mtengenezaji wa mvinyo wa asili huacha karibu yote hayo. Zabibu zake hulimwa bila dawa za viwandani, huchumwa kwa mkono, na huachwa zichachuke kwa hamira zilizoko kwenye maganda na ndani ya ghala lenyewe. Hakiongezwi kitu, hakiondolewi kitu, isipokuwa pengine salfa kidogo wakati wa kutia chupani. Hapa ndipo wengi huchanganya mambo, wakidhani kwamba mvinyo wa kilimo hai na mvinyo wa asili ni kitu kimoja. Kilimo hai kinalenga zaidi shamba, na hata baada ya hapo kinaruhusu hamira ya pakiti na usafishaji. Tofauti hiyo huonekana wazi kwenye salfaiti, yaani salfa inayopimwa ndani ya mvinyo: katika Umoja wa Ulaya, mvinyo mwekundu mkavu wa kawaida unaruhusiwa kuwa na hadi miligramu 150 kwa lita, ule wa kilimo hai hadi 100, ilhali nembo ya Ufaransa ya Vin Méthode Nature, iliyoanza mwaka 2020, inaishia kwenye 30. Nje ya nembo za namna hiyo, neno "asili" halina ulinzi mkubwa wa kisheria, kwa hiyo mnunuzi analazimika kuuliza mwenyewe. Na asishangae akiambiwa kwamba hata mvinyo usiotiwa salfa kabisa unaweza kuwa na salfaiti kiasi, kwa kuwa hamira yenyewe huizalisha inapofanya kazi.

Jioni moja niliweka glasi mbili mezani, zote za zabibu ya Gamay kutoka Beaujolais nchini Ufaransa, moja ya kawaida na nyingine ya asili. Ile ya kawaida ilikuwa angavu kiasi cha kuweza kusoma maandishi nyuma yake, ikinukia ndizi mbivu na peremende, na ladha yake ilifika yote kwa mpigo mmoja ikaondoka. Ile ya asili ilikuwa na ukungu, na kwa dakika za kwanza ilinuka kiberiti kilichotoka kuwashwa, hata nikadhani nimepata chupa mbovu. Niliimimina kwenye jagi, nikaitikisa, nikaiacha kama dakika ishirini. Harufu ile ilitoweka, na badala yake ikaja ya cheri, ya pilipili manga na ya udongo uliolowa mvua ya kwanza. Ukakasi wake ulikuwa mdogo, uchachu wake ukichangamsha kinywa kuliko nilivyotarajia, na ladha iliendelea kubadilika hadi glasi ilipokwisha. Niliinywa ikiwa baridi kiasi, kwenye nyuzi 13 hivi za Selsiasi, na ninapendekeza kiwango hicho kwa mvinyo mwekundu mwepesi wa aina hii, kwa sababu ulipopata joto kidogo ulianza kunukia siki.

Haikuwa bahati tu kwamba nilianzia Beaujolais. Huko ndiko Jules Chauvet, mfanyabiashara wa mvinyo aliyekuwa pia mwanakemia, alikotafiti namna ya kuchachua mvinyo bila salfa na kwa hamira za kienyeji, na huko ndiko Marcel Lapierre, mkulima wa zabibu wa eneo la Morgon, alikoyachukua mafunzo hayo na kuyafanya kazi ya kila msimu tangu miaka ya 1980. Kinachonivutia katika habari hii ni kwamba Chauvet alikuwa mtu wa maabara. Kutotia salfa, jinsi alivyokuelewa yeye, kulidai usafi zaidi, uchaguzi mkali zaidi wa zabibu na hadubini karibu na pipa. Mtu anayekuambia kwamba mvinyo wa asili "unajitengeneza wenyewe" hajaielewa kazi hiyo.

Chupa iliyonifurahisha kuliko zote ilitoka Georgia, nchi ya milima ya Kaukazi, na ilikuwa ya zabibu nyeupe aina ya Rkatsiteli iliyochachushwa pamoja na maganda na mbegu zake ndani ya kvevri, yaani mtungi mkubwa wa udongo unaofukiwa ardhini hadi shingoni. Utengenezaji huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013. Maganda yakikaa miezi kadhaa ndani ya maji ya zabibu, mvinyo ambao ungekuwa mweupe hugeuka rangi ya kaharabu na kupata tanini, kile kinacholeta ukakasi, na ulimi unakakamaa kama aliyekunywa chai iliyokolea mno. Harufu yake ilikuwa ya maganda makavu ya chungwa na asali, lakini haukuwa na utamu wowote. Anayetafuta mvinyo mweupe mwepesi wa mchana asianze na huu.

Kuhusu mvinyo wa povu, ule unaotiwa chupani kabla uchachukaji haujaisha na kufungwa kifuniko cha chuma kama cha soda, nina neno moja tu: uwekwe ukiwa umesimama kwenye jokofu usiku kucha. Mimi sikufanya hivyo. Theluthi ya chupa iliishia kwenye kitambaa cha meza.

Sasa nije kwenye chupa mbaya. Ulikuwa mvinyo mweupe usiotiwa salfa kabisa. Ulinukia vizuri, ulionjeka vizuri, na sekunde kama kumi baada ya kumeza, nyuma ya koo, ikapanda ladha ya tundu la panya. Sitii chumvi, hilo ndilo jina linalotumiwa na wajuzi wa mvinyo wenyewe, kasoro ya panya. Husababishwa na baadhi ya bakteria za asidi ya lakti au hamira aina ya Brettanomyces, ambazo salfa ingezizuia, na haisikiki puani kwa sababu asidi ya mvinyo huishikilia harufu hiyo. Mate yakishaipunguza asidi ndipo inapofunguka. Wapo watu wasioihisi kabisa. Niliyekunywa naye alimaliza glasi yake huku akinitazama kama mtu mwenye visa. Ili kuhakikisha, nilipaka tone mgongoni mwa kiganja, nikasubiri kidogo, nikanusa, na panya alikuwepo. Ukinunua mvinyo wa namna hii, hii ndiyo hatari unayoibeba, na muuzaji mwaminifu atakutajia kabla hujalipa.

Jambo lingine ambalo sikuliona likithibitika ni ahadi ya kutoumwa kichwa. Nilikunywa glasi mbili, sikuumwa. Nilikunywa chupa nzima katika sherehe, nikaamka vibaya kama siku zote. Kileo ni kileo. Matunda makavu mengi yana salfaiti nyingi kuliko mvinyo, na watu huyala bila kulalamika. Mwenye pumu inayochochewa na salfaiti ana sababu ya kweli ya kuuliza, na hata yeye asichukulie neno "asili" kuwa dhamana.

Kwa atakayependa kujaribu, ningeshauri aanze na mwekundu mwepesi, autunze mahali penye ubaridi kwa kuwa salfa ambayo ingeulinda haimo, na asome nyuma ya chupa. Mvinyo uliozalishwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023 na kuuzwa katika Umoja wa Ulaya unapaswa kutaja viambato vyake, mara nyingi kupitia msimbo wa QR, na orodha yenye neno "zabibu" peke yake inaeleza mengi kuliko picha nzuri ya lebo.

Muuzaji alinibadilishia ile chupa yenye panya kwa nyingine ya mvinyo uleule. Niliifungua wiki iliyopita. Nilinusa, nikaonja, nikameza, kisha nikakaa kimya nikihesabu hadi kumi, nikasubiri tena kidogo, na sikusikia kitu isipokuwa tufaha la kijani na chumvichumvi. Hata hivyo nilihesabu kila baada ya funda, hadi chupa ilipokwisha.