Kumjua muuaji kabla ya mpelelezi Poirot: ufuate dalili au umshuku yule mpole?

Wasomaji wa Agatha Christie, yule mwandishi wa hadithi za upelelezi za Poirot, naona wako wa aina mbili. Kuna anayefuata dalili, anaandika nani alikuwa wapi saa ngapi, nani alisikia mlango, na huyu mchezo unambeba kiasi maana Ronald Knox, naye mwandishi wa hadithi za upelelezi, mwaka 1929 alitoa sheria 10 za hizi hadithi, ya kwanza kabisa muuaji atajwe mapema, na nyingine mpelelezi asikufiche dalili aliyoipata, kwa hiyo kila kitu unakiona. Tatizo Christie anakuzuga vibaya sana, dalili anakupa halafu hapohapo analeta ugomvi wa urithi unasahau.

Wa pili yeye anamchagua mpole asiyeshukiwa na mtu, kamaliza. Haina kazi na mara nyingi inalipa bana. Ila ile hadithi ya treni ya 1934, Murder on the Orient Express (hujaisoma? ruka hapa) inamuumbua, abiria kibao wote wanajifanya hawajuani, utamchagua nani? Wamehusika karibu behewa zima 😂

Mi nabaki na dalili, ukibahatisha hata ukipatia huwezi kueleza kwanini.