Kituo kilinizalisha vizuri, kunyonyesha nikafundishwa siku ya saba

Nianze na kadi ya mtoto, maana ndiyo shahidi wangu. Siku aliyozaliwa imeandikwa kilo 3.2. Siku ya saba imeandikwa 2.8.

Kituo chenyewe sikitaji. Ni cha serikali, hapahapa Tanga mjini, na walionihudumia wapo kazini bado. Sitaki mtu aitwe ofisini kwa ajili yangu. Huyu ni mwanangu wa kwanza, na nilikwenda nikiwa na hofu ya maneno ya mtaani, kwamba manesi wa leba wana midomo na mikono. Kwangu haikuwa hivyo, na lazima niseme.

Kliniki nilianza mimba ikiwa na wiki 11. Presha, damu, mkojo, kipimo cha VVU pamoja na mume (alikwenda ananung'unika, akarudi anajisifu), chandarua, vidonge vya damu, dawa ya kinga ya malaria. Ukifika saa 1 asubuhi unatoka saa 6, jiandae na chupa ya uji. Kila asubuhi tulipewa somo: mtoto anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, asipewe kitu kingine, hata maji, mpaka atimize miezi 6. Tuliitikia kwa pamoja kama chekechea. Somo nililijua kwa kichwa. Namna ziwa linavyoingia mdomoni mwa mtoto, hiyo hakuna aliyenionesha.

Kuhusu gharama: kujifungua ni bure, ila unapewa orodha ya vifaa. Glovu, pamba, mpira wa kutandika, vibana kitovu, nyembe, beseni, kanga za kutosha. Mimi ilinitoka kama shilingi 35,000. Nunua kidogokidogo tangu mwezi wa saba wa mimba, usingoje dakika za mwisho umtume mume usiku akurudishie glovu za kuoshea vyombo. Ndiyo, yalinikuta.

Uchungu ulinishika saa 3 usiku, tukapanda bajaji. Mkunga aliyenipokea ni mama wa makamo, hana maneno mengi. Akanipima njia, sentimita 4, akasema, "Tembea mwanangu, usilale." Mama yangu aliachwa kwenye benchi nje. Chumba kina vitanda vitatu na pazia moja, kwa hiyo sababu naielewa, ingawa nilikuwa namtaka mama yangu. Saa 11 alfajiri mtoto akalia, akalazwa kifuani kwangu kabla hajafutwa vizuri, nikachomwa sindano ya paja, kondo likatoka salama. Hakuna aliyenipandishia sauti. Hapo natoa nyota zote tano.

Wodini nazipunguza, zinabaki mbili.

Tangu alfajiri ile mpaka kesho yake asubuhi, manesi watatu walipita kitandani kwa zamu zao, na kila mmoja aliuliza, "Ananyonya?" Nikajibu, "Ananyonya." Sikusema uongo, kwa nilivyojua mimi chuchu ilikuwa mdomoni na mashavu yalikuwa yanacheza. Hakuna aliyefunua kanga akatazama. Sina kinyongo nao sana, wazazi tulikuwa wengi, wengine wawili kitanda kimoja, na nesi yuleyule ndiye anayekimbilia leba akiitwa. Ule msemo wetu wa waja leo waondoka leo, wageni wanauchukulia utani. Kwenye wodi ya wazazi ndio utaratibu. Saa 24 zikitimia nawe mzima, kitanda kina mwenyewe mlangoni.

Nikaenda kukaa arobaini kwa mama, Mabawa. Nilikandwa maji ya moto, nikafungwa mkaja, nikanyweshwa uji wa pilipili manga na supu ya pweza mpaka nikawa naota minyiri. Siku ya tatu maziwa yakaingia, matiti yakawa mawe. Chuchu zikapasuka. Kila mtoto akishika nilikuwa nauma pindo la kanga ili bibi asinisikie. Mtoto naye halali, analia, anakojoa mara mbili tu kwa siku, na nepi inabaki na doa la rangi ya tofali. Bibi akasema huo ni mchango, atafutiwe dawa. Jirani akasema maji ya sukari. Wifi yangu akaleta kopo la maziwa ya unga la zaidi ya shilingi 25,000, na hakuwa na nia mbaya, mtoto alikuwa anatutia huruma sote.

Kadi ilikuwa na hudhurio la siku ya saba. Bibi akang'aka: mzazi anatokaje kabla ya arobaini, kitoto kichanga kikapigwe na upepo wa bahari? Nilitoka. Nilijitanda kanga mbili, mtoto akavikwa kofia na soksi kana kwamba tunapanda Lushoto, na bibi mwenyewe akaingia kwenye bajaji kutulinda.

Nesi wa kliniki akamweka kwenye mizani, akatazama kadi, akanitazama mimi. "Hebu mnyonyeshe nione."

Siku saba nilikuwa sijaambiwa hivyo na mtu yeyote.

Alitazama kidogo tu, akaingiza kidole chake safi pembeni mwa mdomo wa mtoto, akamtoa. Akanikamulisha kwanza, kwa sababu ziwa likijaa likawa gumu mtoto hapati pa kushika. Kisha akamgeuza tumbo lake kwenye tumbo langu, pua ikielekea chuchu, akaniambia nisimpelekee mtoto ziwa, nimlete mtoto kwenye ziwa, tena ningoje mpaka afumbue mdomo kama anayepiga miayo. Ule weusi unaozunguka chuchu uingie, hasa wa chini, na kidevu kiguse. Maumivu yalikata. Halafu nikasikia sauti ndogo ya kumeza, na ndipo nilipojua kuwa kumeza kuna sauti.

Uzito kupungua siku za mwanzo ni kawaida, alinieleza, ila ukipita asilimia 10 hapana, na ikifika wiki mbili mtoto awe amerudia uzito wa kuzaliwa. Wangu alikuwa amepita. Akaniagiza ninyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku nimwamshe, na kila baada ya kunyonya nikamue nimpe kwa kikombe, si chupa. Nihesabu mikojo: sita au zaidi. Nirudi baada ya siku mbili. Nesi akamwamkia bibi kwa heshima, akamwambia, "Bibi yangu, uji na pweza endelea kumpa, lakini ni vya mama. Huyu mdogo bado." Bibi akacheka, na bibi yangu hachekeshwi kirahisi.

Alikaa nasi kama dakika 40, bila senti. Siku ya tisa kadi inasema 2.9. Siku ya 14, 3.2.

Kwa hiyo mwenzangu unayetarajia kujifungua: wodini wakikuuliza kama ananyonya, usijibu. Waite waje watazame. Na hudhurio la siku ya saba usiliache. Suala la kukaa arobaini mtapatana na bibi, mimi nilipatana naye kwa kofia.

Sasa ana miezi mitano, kilo 7, mapaja yana mikunjo. Kopo la wifi liko juu ya kabati halijafunguliwa, naye hulitazama kila akija. Nikijaliwa wa pili nitarudi palepale, ila nitabeba mto wangu. Lile benchi la kliniki nilikofundishwa kunyonyesha halina egemeo, liko kwenye korido wanakopita wanaume na wagonjwa wa kawaida, na juzi tulipokwenda kupima uzito nimelikuta vilevile.