Programu ya mzunguko wa kaboni: volkano na mimea safi, barafu hakuna

Nafundisha jiografia, na mada ya kuchakaa kwa miamba ndiyo inayowapa wanafunzi usingizi kuliko zote. Kwa hiyo nilipoanza kutumia programu hii ya bure ya mtandaoni, inayoiga safari ya kaboni kwa mamilioni ya miaka, sikuwa natafuta picha za kupendeza. Nilitaka ioneshe kwamba jiwe linaloliwa na mvua lina mkono katika joto la dunia.

Inaonesha, tena vizuri. Hesabu zake zinatokana na kazi ya mwanasayansi Robert Berner wa Chuo Kikuu cha Yale. Ukurasa ni mtupu: visanduku vya kujazia namba, na grafu. Basi.

Anza kwa kuongeza maradufu hewa ukaa inayotoka kwenye volkano. Wengi hutarajia mstari wa hewa ukaa kwenye grafu uzidi kupanda bila kikomo. Unapanda kweli, lakini joto likizidi mvua nayo huzidi, na maji ya mvua, ambayo yamebeba asidi kidogo ya kaboni, huishambulia miamba ya silikati (yenye silika, kama graniti na basalti) kwa kasi zaidi. Kalsiamu na bikaboneti, yaani kaboni iliyoyeyuka majini, husombwa na mito hadi baharini, viumbe hujengea makombe yao, na makombe hayo huzikwa sakafuni na kuwa mawe ya chokaa. Mwishowe mstari hulala, juu ya pale ulipoanzia, mahali ambapo miamba inameza kiasi kilekile ambacho volkano zinatema. Breki hii ndiyo waliyoieleza wanasayansi Walker, Hays na Kasting mwaka 1981. Baridi ikizidi hulegea, hewa ukaa ikajikusanya, na hivyo inasaidia kueleza kwa nini dunia changa haikubaki donge la barafu wakati jua lilikuwa hafifu kwa takriban asilimia 30.

Kitufe cha mimea ndicho ninachokipenda zaidi. Kizime, hewa ukaa inapanda, maana mizizi na asidi za udongo ndizo zinazoharakisha kulika kwa mawe. Darasani maswali huanzia hapo, na mengine sina jibu lake la haraka.

Halafu kuna kisanduku cha kumwaga kaboni kwa mkupuo. Weka tani bilioni 1,000 uone. Bahari inafyonza sehemu kubwa mapema, kisha mstari unajikokota kushuka kwa mamia ya maelfu ya miaka. Mashapo ya baharini yana ushahidi wa jambo kama hilo: joto lilipopanda ghafla miaka milioni 56 iliyopita, dunia ilihitaji zaidi ya miaka 100,000 kutulia. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayesema asili itajisafisha yenyewe, mkubalie, kisha mfungulie grafu hii aone ni lini. Volkano zote kwa pamoja hutoa chini ya tani bilioni moja za hewa ukaa kwa mwaka. Sisi, kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi, tunapita bilioni 35. Miamba haina haraka hiyo.

Kasoro zipo. Huwezi kuchagua aina ya mwamba, na hilo ni pengo kubwa, kwa sababu basalti hulika upesi kuliko graniti. Uwanda wa Deccan kule India, uliomwagikiwa na lava kama miaka milioni 66 iliyopita, ungekuwa zoezi zuri sana, hapa haiwezekani. Barafu nayo haimo kabisa. Miaka milioni 717 hivi iliyopita barafu ilianza kutanda hadi karibu na ikweta, miamba ikafunikwa, breki ikaachia, hewa ukaa ya volkano ikajilundika kwa mamilioni ya miaka mpaka barafu yenyewe ikashindwa. Kisa kitamu kuliko vyote katika mada hii, na ni lazima nikisimulie kwa chaki.

Jambo jingine, maelezo hayasemi kwa nini kulika kwa mawe ya chokaa hakupunguzi hewa ukaa kwa muda mrefu. Mwalimu aliongeze mwenyewe: gesi inayochukuliwa nchi kavu hurudishwa makombe yanapojengwa baharini. Silikati ndiyo inayobakiza faida.

Nyota nne kati ya tano. Fungulia kwenye kompyuta. Kwenye simu visanduku vinabanana na namba za mhimili wa miaka hazisomeki.