Sato wa Kirumba kwa Aliyezoea Meza za Brno

Baada ya kuishi miaka 4 mjini Brno, katika Jamhuri ya Cheki, ambako Wacheki wengi huanza chakula cha mchana kabla ya saa sita, na ambako mhudumu wa baa huchora kistari kwenye kikaratasi cha mezani kwa kila bia anayoileta, nilirudi Mwanza nikiwa mteja wa kuhesabu dakika. Mgahawa huu mdogo wa Kirumba, jirani na mwalo, ulinisubirisha dakika 50, na hakuna aliyeniomba radhi. Hata hivyo, sato niliyeletewa, aliyechanjwa mbavuni na kukaangwa hadi mapezi yakawa yanatafunika, pamoja na ugali wa moto na kachumbari iliyokamuliwa ndimu, alininyamazisha. Wacheki nao hukaanga samaki wa mabwawani aitwaye kapr jioni ya tarehe 24 Desemba, wakamla kwa saladi ya viazi. Ni mtamu, ila miiba yake humfanya mtu ale kwa tahadhari kama anayechambua mchele. Huduma yahitaji marekebisho; jiko, hapana. Bili ilitajwa kwa mdomo tu, bila karatasi, nami nikavikumbuka vile vistari.