Takwa kwa mashua: uzoefu wangu

Ukienda Takwa, mwachie nahodha achague saa ya kuondoka. Magofu ya mji huu wa kale yako kisiwani Manda, karibu na Lamu, Kenya, mwisho wa mkono wa bahari uliojaa mikoko, na maji yakipwa chombo hakifiki. Nahodha wetu, kijana wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, alitungojesha mpaka maji yakaanza kujaa, akatufikisha bila kukwama popote. Bei tulipatana ufukweni na haikubadilika. Ningemkodi tena kesho.

Muongozaji wetu, naye mzee wa Shela, alinifurahisha zaidi. Alianzia ukutani. Takwa ilianza karibu mwaka 1500, mji wa mawe ya matumbawe na chokaa, ukazungushiwa ukuta. Upande wa bahari kuu umekingwa na vilima vya mchanga. Ukivipanda, Bahari ya Hindi yote iko mbele yako. Wenyewe walijua pa kukaa!

Msikiti wa Ijumaa ndio uliohimili kuliko majengo yote. Juu ya ukuta wa kibla imesimama nguzo, jambo ambalo sijaliona katika msikiti mwingine, na wapo wasemao kuwa chini yake amezikwa shehe. Nguzo nyingine iko nje ya ukuta wa mji, juu ya kaburi lenye maandishi ya mwaka 1094 Hijria, yaani karibu 1683. Haukupita muda mrefu, mji ukahamwa. "Maji ya visima yaliingia chumvi, mwanangu," mzee alinieleza, "na pia kulikuwa na ugomvi na majirani wa kisiwa cha Pate. Wazee wetu wakavuka, wakaja Shela."

Wazee wetu! Safari ya nyuma nilipelekwa na kijana mmoja aliyenidaka gatini, akanionyesha kuta, akanipiga picha, tukarudi. Hakunitajia kwamba watu wa Shela hadi leo huja kwenye kaburi lile mara mbili kwa mwaka kuomba mvua. Kwa hiyo nashauri kwa moyo wote: mtafute muongozaji wa Shela, hata kama anadai zaidi kidogo. Na msipande juu ya kaburi kwa ajili ya picha, tafadhali, lina wenyewe.

Chukueni maji ya kunywa ya kutosha na kofia. Mibuyu ipo, lakini ndani ya msikiti jua linapiga moja kwa moja, na pale ndipo mtakapotaka kukaa zaidi.