Seti ya kinga ya kemikali kwa wahudumu wa ambulansi: imara chini, dhaifu mikononi

Huku Tabora kwenye tumbaku, ambulansi ikiitwa Urambo au Sikonge, sumu inayotarajiwa ni kiuatilifu. Seti hii inayouzwa mjini ina aproni nzito ya plastiki, buti za mpira, miwani, barakoa na glavu.

Aproni na buti ni za kuaminika, na miwani inaziba hadi pembeni. Glavu ndizo zinazoiangusha: ni za lateksi nyembamba, na viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, dawa za wadudu zinazodhuru neva, hupenya mpaka kwenye ngozi. Nunua za nitraili (mpira wa kutengenezwa), vaa jozi mbili, ya nje uibadilishe kila inapolowa. Barakoa iliyomo ni ile ya hospitali. Mvuke unapita tu. Tafuta ya katriji, yaani kichujio cha kufunga, yenye mstari wa kahawia, alama ya mvuke wa kemikali za oganiki. Hata hiyo haileti oksijeni, kwa hiyo usiingie nayo ndani ya behewa la tangi pale stesheni.

Kinachouma zaidi ni kukosekana kwa mkasi na mifuko mizito. Mgonjwa lazima avuliwe kabla ya kupandishwa garini, maana nguo hubeba sehemu kubwa ya sumu. Zikatwe, zisivutwe kupitia kichwani, zifungwe mfukoni, kisha aoshwe kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha zikiwemo. Akipakiwa na nguo zake, mvuke unajaa garini na dereva naye anaanza kuona ukungu.

Buti chukua saizi moja zaidi, zivulike kirahisi bila kushikwa kwa mkono.